Somo: Canon 1100D na ndugu zake, kuanzia unapoinunua hadi unapompiga picha bibi harusi

Karibu kila wiki naulizwa swali lile lile: "Kaka, nina laki tano, ninunue kamera gani nianze kazi?" Nimeona niliandike jibu lote mahali pamoja. Mimi niko Dar es Salaam, napiga picha za harusi, sendofu, ubatizo na mahafali. Miaka minne ya mwanzo kazi hiyo yote niliifanya kwa Canon EOS 1100D niliyoinunua kwa mtu. Kamera hiyo ilitoka 2011, ina megapikseli 12 tu, simu nyingi za leo zinaizidi kwa namba. Lakini picha zake nilizochapisha kwa ukubwa wa A3 mpaka leo zimetundikwa sebuleni kwa watu.

Kwa hiyo usianze kwa kuhofia bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kwenye kamera za bei hii kinachokwamisha watu ni lenzi inayokuja nayo, na kutojua kamera inavyousoma mwanga. Huko ndiko nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Ujue ukoo unaoununua

Baada ya 1100D ilikuja 1200D (2014, megapikseli 18), halafu 1300D (2016, yenye Wi-Fi), halafu 2000D na 4000D zilizotoka pamoja 2018. Zote tano zinatumia betri moja, LP-E10, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine chaja na betri zako hazipotei.

Mimi ningechagua 1300D kama bei inaruhusu, na 1100D kama hairuhusu. 4000D ni mpya zaidi lakini imepunguzwa vitu: pete ya kufungia lenzi ni ya plastiki, na hakuna kile kigurudumu cha kurekebisha kitundu cha kutazamia ili kiendane na macho yako. Mvaa miwani atalisikia hilo siku ya kwanza. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kwenye 2000D na 4000D, pale juu panapokaa flashi hapana pini ya katikati. Flashi na triga (vifaa vya kuwashia flashi iliyo mbali na kamera) za bei rahisi zinategemea pini hiyo hiyo, kwa hiyo hazitawaka. Kama una flashi ya kampuni nyingine, ipachike ujaribu kabla hujatoa hela.

Hatua ya 2: Kagua mchana, na uende na kadi yako

Usikague kamera jioni kwenye taa ya duka. Nenda mchana, na memori kadi yako mfukoni, ili picha za majaribio uondoke nazo ukaziangalie kwenye kompyuta.

Anza na lenzi. Ifungue, izungushe ielekee kwenye mwanga kidogo au ipitishie tochi ya simu kutoka nyuma, utazame ukiwa umeinamisha. Vumbi dogo lisikusumbue. Unachokitafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui, zinazoanzia pembeni ya kioo. Hiyo ni kuvu, na kwetu pwani ipo sana kwa sababu ya unyevu. Lenzi yangu ya pili niliinunua ikiwa nayo bila kujua. Duka liliniambia ni alama za vidole, nikaamini, na nilipoifuta nyumbani alama hazikutoka kwa sababu zilikuwa ndani.

Tazama pia maandishi ya mbele kwenye ile lenzi ya 18-55 (milimita) inayokuja na kamera. Ikiwa na herufi IS, ina kitulizaji cha mtikisiko. Isipokuwa nazo, haina, na bei yake lazima ishuke.

Kipimo kinachofuata wengi hawakijui. Weka kamera kwenye Av, ambapo wewe unachagua apacha (uwazi wa tundu la lenzi) na kamera inachagua spidi. Chagua f/8, halafu f/11 (namba ikikua tundu linabana), upige picha zumu ikiwa kwenye 18, kisha ikiwa kwenye 55. Lenzi hizi zina waya mwembamba bapa ndani unaoendesha apacha, na baada ya kuvutwa mbele na nyuma miaka mingi unakatika. Ukishakatika, kamera inapiga vizuri kabisa apacha ikiwa wazi, lakini ukiifunga tu inaandika Err 01. Muuzaji anayekupigia picha mbili tatu dukani kwa apacha iliyo wazi hawezi kukuonyesha hilo, hata kama ni mtu mwaminifu.

Halafu weka f/16 na upige anga tupu. Madoa ya kijivu yatakayojitokeza ni vumbi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha. 1100D haina mtambo wa kujitikisa vumbi, kwa hiyo madoa mawili matatu ni kawaida na yanaondoka kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yakitua pale yanahitaji fundi.

Mwisho fungua mlango wa betri. Kutu kwenye vyuma vya ndani inamaanisha kamera imeingiwa na maji au imeishi jirani na bahari bila kutunzwa. Hapo mimi huaga na kuondoka.

Hatua ya 3: Mipangilio ya siku ya kwanza

Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe. Weka RAW (faili ghafi la kuhariri kwenye kompyuta) pamoja na JPEG (picha iliyo tayari kutumwa). Kwenye alama tisa za fokasi chagua ile ya katikati peke yake, ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwenye kamera hizi, na ukifika gizani zile za pembeni zitahangaika. Tazama kupitia kitundu, si kwenye skrini, maana fokasi ya skrini kwenye 1100D ni ya polepole.

Hatua ya 4: Hela inayofuata ni ya lenzi ya 50

Ukipata malipo ya kwanza usibadilishe bodi. Nunua Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ile 18-55 ukiivuta mpaka 55 inafunguka f/5.6 tu. Hii inafunguka f/1.8, yaani inapitisha mwanga zaidi ya mara tisa. Ukumbi uliokulazimisha ISO 6400 (ISO ni wepesi wa sensa kushika mwanga, ikipanda chembechembe zinaongezeka) sasa utaupiga kwa 800.

Tahadhari moja: f/1.8 ukiwa karibu, jicho moja linakuwa kali na la pili linayeyuka. Kwa mtu mmoja mimi hutumia f/2.5, kwa maharusi wawili f/4. Na kwa kuwa sensa ya kamera hizi ni ndogo, hiyo 50 inabana kama lenzi ya 80 kwenye kamera ya sensa kubwa, kwa hiyo picha ya familia nzima itakurudisha nyuma mpaka ukutani. Baki na 18-55 kwa ajili ya makundi.

Hatua ya 5: Gauni jeupe, uso mweusi

Hapa soma taratibu. Harusi yangu ya kwanza ilikuwa 2019. Nilipopeleka picha, mama mzazi wa bibi harusi alifungua albamu, akafika ukurasa wa tatu, akasogeza karibu na dirisha, akaniuliza, "Mbona mwanangu hana macho?" Gauni lilikuwa limetoka kila uzi, na juu yake uso ulikuwa kivuli.

Sababu ni hii. Kamera haijui kama inatazama gauni au lami. Inapima mwanga inaouona na kujaribu kuufikisha kwenye kijivu cha katikati. Gauni jeupe likijaza fremu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama. Bwana harusi wa suti nyeusi aliyesimama mbele ya pazia jeusi anapata kinyume chake: kamera inaongeza mwanga na uso unapauka.

Ukiwa kwenye Av, bonyeza kwa kidole gumba kile kitufe cha Av+/- kilicho nyuma, juu kulia mwa skrini, usikiachie, huku ukizungusha gurudumu lililo karibu na kitufe cha kupigia. Gauni jeupe limejaa, peleka kipimo +1, upande wa kuongeza mwanga. Suti nyeusi, rudisha theluthi mbili upande wa kutoa.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kupima uso wenyewe. Badilisha upimaji uwe wa Partial, unaosoma kama asilimia 10 tu ya katikati ya fremu. Elekeza katikati usoni, bonyeza kitufe chenye alama ya nyota, mwanga utafungwa, halafu panga fremu yako na upige. Kwa ngozi nyeusi toa theluthi mbili, kwa sababu hapo pia kamera itataka kuifanya ngozi kijivu. Ngozi ya mtu ibaki ngozi yake, wala usiipaushe ili ionekane safi. Watu wetu wamepaushwa vya kutosha kwenye picha.

Ukishapiga, bonyeza DISP ukiwa unaitazama picha. Sehemu zinazopepesa nyeusi zimeungua, yaani mwanga umezidi mpaka hakuna kinachoonekana. Lesi ya gauni ikipepesa yote, punguza kidogo. Ikipepesa mkunjo mmoja tu begani, endelea na kazi.

Hatua ya 6: Turubai

Sherehe ya mtaani chini ya turubai la buluu inatoa watu wenye nyuso za wagonjwa. Piga karatasi nyeupe ukiwa chini ya turubai hilo hilo, ijaze katikati ya fremu, ingia menyu ya Custom White Balance, chagua picha hiyo, kisha weka rangi kwenye alama ya Custom. Ni kazi ya nusu dakika. Ukitoka juani kumbuka kurudisha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nimepata Nikon D3200 kwa bei nzuri, inakuja na 50mm f/1.8D. Nichukue?*

Bodi ni nzuri, ina megapikseli 24. Lakini Nikon za ukoo wa D3000, kuanzia D3100 mpaka D3500 ya 2018, hazina mota ya fokasi ndani. Hiyo lenzi ya D itakulazimu ufokasi kwa mkono. Mwambie akubadilishie kwa AF-S, zenye mota ndani ya lenzi, ama 50mm f/1.8G ama 35mm f/1.8G. Na usichukue lenzi za AF-P, aina nyingine ya Nikon, kwa D3200, hazifokasi nayo.

*Samahani kaka, 1100D inafaa kwa video za sherehe?*

Hapana, dada. Inaishia 720p, na haina tundu la maiki. Itumie kwa picha tu.

*Haina Wi-Fi, mteja anataka picha WhatsApp ukumbini hapo hapo. Unafanyaje?*

Kisomea kadi cha OTG, yaani kinachochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la chaji la simu. Hii ndiyo faida ya kupiga JPEG pamoja na RAW.

*Niko Tanga, lenzi zangu zinashika kuvu kila mwaka. Nimejaribu kuziweka kabatini.*

Kabati na begi ndivyo vinavyoilea, hasa begi lililonyeshewa. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ile ya kuhifadhia unga, weka pakiti za silika jeli chini, lenzi juu. Silika ya rangi ikibadilika ikaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo. Na kila wiki zitoe uzitumie, zipate hewa na mwanga. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa kabla ya kulifungua nje, la sivyo unyevu utaganda kwenye kioo.

*Nina harusi ya usiku Jumamosi, 1100D na 50mm, sina flashi ya nje. Naogopa.*

Usiwashe ile flashi ya juu ya kamera, itawapiga usoni na ukumbi wote nyuma utakuwa giza. Weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), f/2.5, spidi 1/125 ya sekunde, ISO 1600. Uso ukiwa giza panda 3200, chembechembe zitaonekana kidogo lakini mteja atazisamehe kuliko picha iliyotikisika. Fika mapema, muulize MC maharusi watakaa wapi na keki itakatwa upande gani, simama ambapo taa za jukwaa zinawapiga usoni. Wakati wa kuingia kwa muziki, subiri ile hatua wanayosimama kidogo kabla ya kucheza tena, ndipo 1/125 inatosha. Chaji betri mbili Ijumaa usiku.