Kulia na kushoto kwenye mchoro wa mwili

Mchoro wa viungo vya ndani ukikuchanganya pande, ugeuze utazame nje na uubandike kifuani mwako kama picha ya kwenye fulana. Ini lililokuwa linaonekana kushoto sasa limekaa mahali pake, chini ya mbavu za kulia. Wengu umehamia kushoto, ncha ya moyo nayo imeelekea huko huko, na kidole tumbo kipo chini kulia. Aliyechorwa kwa kawaida anakutazama, na katika anatomia pande huhesabiwa kwa mwenye mwili, si kwa mtazamaji. Kukariri "geuza, geuza" kichwani kunachosha bure.

Kwa mikono, ongeza kitu kimoja: viganja vitazame mbele. Hapo ndipo kidole gumba kinakuwa upande wa nje. Ukivigeuza nyuma, mifupa miwili ya kigasha inapishana na maelezo yote ya "nje" na "ndani" yanavurugika.

Ujanja huu unakwama mchoro ukiwa umechorwa kutokea mgongoni, kama wakati mwingine inavyofanywa kwa figo. Huo usiugeuze, kulia kwake ni kulia kwako. Ukikosa maandishi ya kukuongoza, tazama figo iliyo chini kidogo: mara nyingi ni ya kulia, maana ini liko juu yake. Wapo pia watu wachache sana ambao viungo vyao vimezaliwa vikiwa vimebadilishana pande, lakini hao hawachorwi kwenye vitabu vya mwanzo.