Kutafuta Kazi Kupitia Mitandao ya Kitaaluma: Kuanzia Wasifu hadi Ujumbe wa Kwanza

Mwajiri mwenye nafasi ya kujaza hana haja ya kusubiri maombi yamfikie mezani. Huingia kwenye LinkedIn, mtandao ambao watu huweka maelezo ya kazi na ujuzi wao, akaandika cheo anachokitafuta, ujuzi anaouhitaji na mahali kazi ilipo, kisha akaletewa orodha ya watu ambao wasifu wao una maneno hayo. Kama wewe ni mhasibu uliyezoea kuandaa mishahara, lakini neno "mishahara" halionekani popote katika wasifu wako, hutakuwemo katika orodha hiyo hata kama unaijua kazi kuliko wote waliomo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kutafuta ajira kwenye mitandao hii hufanyika kabla hujaomba nafasi yoyote, nayo ndiyo sehemu ambayo waombaji huipita kwa haraka mno.

Kuhusu mtandao wa kuchagua, hakuna haja ya kusumbuka sana. LinkedIn, ulioanza kutumika Mei 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016, ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake, na mwaka 2023 ulitangaza kuwa umefikisha wanachama bilioni 1. Anayetafuta kazi katika nchi zinazozungumza Kijerumani atanufaika pia na XING, wenye makao yake Hamburg. Baadhi ya fani zina mahali pake maalumu: waandishi wa programu za kompyuta huweka kazi zao GitHub, wasanifu wa michoro huziweka Behance, na watafiti hutumia ResearchGate. Tunza mmoja vizuri, na katika huo weka kiungo cha mahali kazi zako zinapoonekana. Akaunti nne zilizoachwa bila kuguswa humfanya mwajiri ajiulize ni ipi ya kuamini.

Kabla ya kugusa chochote, fungua mipangilio ya akaunti na uzime chaguo la kuwatangazia watu wako kila badiliko unalolifanya, hasa kama bado uko kazini na hutaki bosi wako ashangae kwa nini unaupamba wasifu wiki nzima. Baada ya hapo anza na mstari unaokaa chini ya jina lako. LinkedIn inakupa hadi herufi 220 katika mstari huo, nao hufuatana na jina lako karibu kila mahali unapoonekana: katika matokeo ya utafutaji, katika maoni unayoandika, na katika ombi unalomtumia mtu usiyemjua. Anayeandika "Natafuta kazi yoyote" amemwambia mwajiri shida yake bila kumwambia uwezo wake. Linganisha na huyu: "Mhasibu wa mishahara na kodi, hesabu za wafanyakazi zaidi ya 300, mfumo wa SAP." Hajajisifu hata kidogo, ila kila neno aliloliweka ni neno ambalo mwajiri anaweza kuliandika anapotafuta mtu. Njia rahisi ya kuyapata maneno hayo ni kusoma matangazo kama kumi ya kazi unayoitaka na kuyaandika yanayojirudia, kisha kuyatumia yale tu ambayo ni kweli kwako.

Sehemu ya maelezo binafsi inaruhusu hadi herufi 2,600, lakini msomaji huona mistari michache ya mwanzo tu mpaka abofye ili kuona iliyobaki. Kwa hiyo jambo lako zito lisije mwishoni. Sema unafanya nini, umelifanya wapi na kwa kiwango gani, na sasa unatafuta kazi ya namna gani. Kwenye historia ya kazi, mtu anayeandika "nilisimamia ghala" ameeleza cheo tu. Anayeandika "nilisimamia ghala lenye wafanyakazi 12, na muda wa kuandaa oda ukashuka kutoka siku tano hadi siku mbili" amempa mwajiri swali la kumuuliza kwenye usaili. Kama huna takwimu, usizibuni, kwa sababu utaulizwa ulizipataje. Eleza badala yake kitu ulichokianzisha, ulichokirekebisha au ulichokabidhiwa. Mhitimu ambaye hajawahi kuajiriwa aweke mafunzo kwa vitendo, kazi za kujitolea na mradi wake wa mwisho wa masomo, akiueleza kwa uzito uleule ambao mwenzake anaelezea ajira.

Picha iwe ya uso wako, ya karibuni, yenye mwanga wa kutosha na mandhari yasiyovuta macho, hilo latosha. Lugha ya wasifu iwe ile ambayo waajiri wa fani yako hutumia wanapotafuta watu, na kama ni lugha mbili, LinkedIn inaruhusu kuongeza wasifu wa lugha ya pili kwenye akaunti hiyohiyo.

Ipo pia alama ya kuonyesha kuwa uko tayari kupokea kazi, nayo ina namna mbili. Ya kwanza huzungusha pete ya kijani kwenye picha yako, na kila mtu huiona. Ya pili huonekana tu kwa maafisa wa ajira wanaotumia zana maalumu ya LinkedIn ya kutafuta watu. Aliye bila kazi anaweza kutumia ya kwanza bila kuona haya. Aliye kazini atumie ya pili, akijua kwamba LinkedIn hujitahidi kuwaficha maafisa wa kampuni anayoifanyia kazi wasiione, lakini LinkedIn wenyewe wanasema hawawezi kuhakikisha usiri kamili.

Wasifu ukishakuwa tayari, kinachofuata ni watu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyoonyesha kwamba habari za kazi huwafikia watu zaidi kupitia wale wanaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia marafiki wa karibu. Sababu yake inaeleweka: rafiki zako wa karibu huzunguka mlemle unamozunguka wewe, hivyo wanayoyasikia umeshayasikia, ilhali mtu mliyesoma naye kozi moja miaka iliyopita yumo katika duara jingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji wa LinkedIn wapatao milioni 20 kwa miaka mitano, nao ukaunga mkono wazo hilo, ukiongeza kuwa wanaosaidia zaidi si wageni kabisa, bali wale walio katikati, ambao kuna watu kadhaa mnaowafahamu nyote. Basi anza na wenzako wa kazi za zamani, mliosoma pamoja, walimu, wateja na watu mliokutana kwenye semina. Hawa ndio hazina yako, na wengi wao watafurahi kukumbukwa.

Unapomwomba mtu muungane kwenye mtandao, mwandikie maneno mawili matatu badala ya kutuma ombi tupu. Mwalimu wako au mkuu wako wa zamani mwamkie kwa heshima ileile ambayo ungempa ana kwa ana. Kwa usiyemjua, ujumbe unaweza kuwa hivi: "Habari za kazi. Nimesoma maelezo yako kuhusu namna mlivyohamisha kumbukumbu za ghala kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta. Nami ni msimamizi wa ghala, na kazi kama hiyo iko mbele yangu. Naomba tuungane." Akikubali, mshukuru, kisha muulize jambo moja analoweza kulijibu kwa dakika tano, mathalani kuhusu kazi yake yenyewe: waliwafundishaje wafanyakazi, au ni ujuzi gani aliouona unakosekana kwa waombaji. Usimwombe kazi katika ujumbe wa kwanza. Mara nyingi yeye si mwenye uamuzi wa kuajiri, na ombi la namna hiyo humweka katika hali ya kukataa au kunyamaza. Swali zuri, kinyume chake, humfanya akujue, na nafasi ikitokea atakuwa na sababu ya kulitaja jina lako. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki moja au mbili, kisha umwache kwa amani.

Kwa upande wa matangazo, weka arifa za kazi kwa cheo na eneo unalotaka ili upate habari mapema, maana baadhi ya nafasi hupokea mamia ya maombi ndani ya siku chache. Kitufe cha kuomba kwa haraka kinarahisisha mambo, lakini kinarahisisha kwa kila mtu. Unapoona nafasi unayoitaka kweli, fungua ukurasa wa kampuni hiyo, angalia kama kuna mtu unayemfahamu au mnayefahamiana kupitia mwingine, na umuulize kuhusu idara hiyo kabla ya kutuma. Maombi matano yaliyoandaliwa hivyo yana uzito kuliko hamsini ya kubofya tu.

Matapeli nao wamo humo, na huwalenga hasa wenye shida. Mwajiri wa kweli hakutozi ada ya fomu, ya mafunzo wala ya vifaa ili akuajiri. Mashaka yaingie pia pale mtu anapokuharakisha kuhamia WhatsApp au Telegram, anapokupa kazi bila usaili, anapotumia barua pepe ya bure huku akidai kuwakilisha kampuni kubwa, au anapodai nakala ya kitambulisho na namba ya akaunti ya benki kabla hujaona mkataba. Kwenye wasifu wake kuna sehemu inayoonyesha alijiunga lini na kama utambulisho wake umethibitishwa, itazame. Kisha nenda kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kupitia kiungo alichokutumia, na uone kama nafasi hiyo ipo. Ikiwa haipo, mripoti kwa mtandao, kwa sababu kuna mwingine atakayeandikiwa baada yako.

Ukiitwa kwenye usaili, soma wasifu wa atakayekuhoji, ukijua kwamba huenda akaona umeutembelea. Hilo halina aibu, linaonyesha umejiandaa. Na ukipata kazi, zima alama ya kutafuta ajira, andika cheo chako kipya, na umtumie ujumbe kila aliyekujibu swali njiani, hata yule ambaye msaada wake haukuleta nafasi.