Kumwomboleza Freddie Mercury: Mwongozo kwa Shabiki wa Mbali

Kila ifikapo tarehe 24 Novemba, mashabiki wa bendi ya Queen huwasha mishumaa, hupiga nyimbo na hutumiana salamu za kumkumbuka mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliyefariki dunia nyumbani kwake Kensington, London, jioni ya Jumapili ya tarehe hiyo mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 45. Wengi wanaomwomboleza leo walikuwa hawajazaliwa alipofariki, na wengine hawajawahi kukanyaga Uingereza, lakini huzuni yao si ya kuigiza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya shabiki anayetaka kuifanya kumbukumbu hiyo kwa heshima, awe peke yake au na wenzake, awe Zanzibar au kwingineko. Msingi wake ni kwamba shabiki si mfiwa. Ana haki ya kulia, ila nafasi yake ni safu za nyuma, na akishalia inafaa ajiulize huzuni yake itamfaa nani.

Anza kwa kuzijua habari za kifo chenyewe, kwa sababu namna Freddie alivyoondoka ndiyo inayoonyesha namna ya kumwomboleza. Aliishi na virusi vya Ukimwi kwa miaka kadhaa bila kulisema jambo hilo hadharani, huku magazeti ya udaku ya Uingereza yakimwandama na wapigapicha wakimvizia nje ya lango lake. Tarehe 23 Novemba ilitolewa taarifa kwa jina lake ikithibitisha kwamba alikuwa na Ukimwi, na kesho yake akafariki kwa nimonia iliyotokana na ugonjwa huo. Mashabiki, basi, walipata habari mbili nzito kwa mfululizo, na hawakupewa hata nafasi ya kumtakia nafuu. Ikiwa utamzungumzia mbele ya watu, litaje jina la ugonjwa bila kunong'ona, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kulitaja. Lakini usianze kuuliza nani alimwambukiza nani. Swali hilo lilikuwa biashara ya magazeti yaliyomkosesha usingizi, na sioni sababu ya mtu anayejiita shabiki kuiendeleza.

Jambo la pili ni kutotafuta kaburi. Mazishi yalifanyika tarehe 27 Novemba 1991 katika tanuri la kuchomea maiti la West London, eneo la Kensal Green, yakihudhuriwa na watu wachache wa karibu na kuongozwa na makuhani wa dini ya Zoroasta, dini ya kale ya Uajemi, ambayo ndiyo dini ya wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, Waparsi (Wazoroasta wa India) wenye asili ya Gujarat. Majivu yake yalikabidhiwa kwa Mary Austin, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye hajawahi kusema aliyaweka wapi. Mwaka 2013 kilionekana Kensal Green kibao kidogo chenye jina la Farrokh Bulsara, jina alilozaliwa nalo Freddie, na tarehe zake za kuzaliwa na kufariki, habari zikaenea, na baada ya muda mfupi kibao hicho kikaondolewa. Hilo linatosha kuwa jibu. Mwenye msiba akikuonyesha kwamba mlango umefungwa, hukai barazani ukichungulia dirishani.

Kwa muda mrefu mahali pa kuombolezea palikuwa ukuta wa nyumba yake, Garden Lodge, katika barabara ya Logan Place. Mashabiki walianza kumiminika hapo usiku uleule, wakaacha maua, barua na picha, na kwa miaka iliyofuata wakaujaza ukuta na mlango maandishi ya lugha nyingi. Maandishi hayo yalikuja kuondolewa, na mtaa huo ni wa makazi ya watu. Ukifika London, pita, simama kidogo, piga picha yako, uondoke. Usiandike ukutani na usiimbe usiku. Hali ni hiyohiyo kwa nyumba ya Feltham, namba 22 Gladstone Avenue, walikoishi wazazi wake baada ya kuhamia Uingereza, ambayo tangu mwaka 2016 ina kibao cha buluu cha kumbukumbu: itazame kutoka barabarani. Anayetaka mahali pa wazi pa kuweka maua aende Montreux, Uswisi, mji ambako Queen walikuwa na studio na ambako Freddie alirekodi kwa mara ya mwisho mwaka 1991. Sanamu yake ya shaba, kazi ya mchongaji Irena Sedlecká, ilizinduliwa hapo tarehe 25 Novemba 1996, na imesimama kando ya ziwa, mkono umeinuliwa juu, katika uwanja ambao hauna mwenyewe wa kusumbuliwa.

Zanzibar inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu wageni wengi hufika wakidhani wanakwenda kwenye mji unaomlilia kila siku. Farrokh alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa bado mtoto, akarudi akiwa kijana, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo alizaliwa hapo na akaishi hapo vipindi vya utoto na ujana wake, wala hatumkuzi kwa kumtungia mengine. Jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani, kwenye Barabara ya Kenyatta, tarehe 24 Novemba 2019, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, na hapo ndipo pa kuanzia. Ukiingia, zitazame kwa utulivu picha za familia kuliko zile za jukwaani, ambazo kila mtu anazijua. Mtoto aliyevalishwa nguo safi na kusimamishwa mbele ya kamera ya studio anafanana na watoto wa Kiparsi, wa Kihindi na wa Kiswahili waliopigwa picha za namna hiyo katika mji huo wakati ule. Ukitoka, utawakuta watembezaji watalii wakikuonyesha nyumba zaidi ya moja wakidai kila moja ndiyo aliyozaliwa. Wasikilize, usibishane nao, lakini usigonge mlango wa mtu.

Kumbuka pia kwamba si wakazi wote wanaopenda aadhimishwe. Mwaka 2006 mkahawa mmoja wa ufukweni ulipanga sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya kidini ikapinga kwa sababu ya maisha yake ya kimapenzi, na sherehe ikafutwa. Mtu anaweza kukasirishwa na hilo, na mimi naona mji ungeweza kumkumbuka mtoto wake bila kuidhinisha kila jambo lake. Hata hivyo shabiki mgeni hakuja kuamua ugomvi huo. Fanyeni kumbukumbu ndani ya ukumbi mliokodi kwa ruhusa ya mwenyewe, msiweke spika dirishani, zimeni muziki adhana inapoadhiniwa, vaeni mavazi ya kujisitiri mnapopita vichochoroni, na pombe isitoke nje ya mahali panapoiuza kihalali. Mkifanya hivyo, mtashangaa ni wenyeji wangapi watakaoingia kusikiliza.

Sasa taazia. Mashabiki wengi huandika neno moja na picha, wakaishia hapo. Andika walau aya moja kamili, na uiandike kwa utaratibu ambao taazia zetu zimekuwa nao siku zote: marehemu ni nani, alizaliwa wapi, alifanya nini, alifariki lini na kwa nini, kisha wewe ulimjuaje. Mfano wake ni huu: "Farrokh Bulsara, anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 na kufariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na Ukimwi. Alikuwa mwimbaji, mpiga piano na mtunzi wa bendi ya Queen, aliyoiunda na Brian May na Roger Taylor mwaka 1970, kabla ya John Deacon kujiunga nao mwaka uliofuata. Mimi nilimfahamu kwa sauti tu, kupitia kanda ya kaka yangu iliyokuwa na mkwaruzo upande wa pili. Nawapa pole ndugu zake na wenzake wa bendi." Haina madoido, na kila sentensi inaweza kuthibitishwa isipokuwa ile ya kanda, ambayo ni yako peke yako. Dua iombe kwa dini yako ukipenda, ila usimhamishie marehemu dini hiyo.

Katika kuandika, jihadhari na kosa moja linalorudiwa kila mwaka. Watu huyanukuu maneno ya nyimbo mbili za albamu ya Innuendo ya mwaka 1991, "The Show Must Go On" na "These Are the Days of Our Lives", kana kwamba Freddie aliketi akaandika wasia wake. Zote mbili zilitolewa kwa jina la bendi nzima, lakini ya kwanza kwa sehemu kubwa ilitungwa na Brian May na ya pili na Roger Taylor. Kumbukumbu haipungui kwa kusema kweli. Kwangu mimi inazidi, kwa sababu picha inayobaki ni ya watu wanaomwona mwenzao akidhoofika, wanampa maneno ya kuimba, naye anayaimba kwa nguvu zilizosalia.

Mkikusanyika, msijaze saa nzima hotuba. Mtu mmoja asome taazia, kisha sikilizeni. Pendekezo langu ni kuanza na onyesho la Queen katika tamasha la hisani la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, London, ambalo halifiki nusu saa, na kuitazama kwa makini sehemu asiyopiga ala yoyote. Freddie ameshika kile kijiti cha maikrofoni kisicho na kitako, anatoa sauti moja ndefu, uwanja mzima unaitikia, anaipandisha, wanaipandisha, anaivunja vipande, nao wanajaribu kuvifuata. Mwishoni anatoa sauti ya kufunga, nao wanaitikia. Hapo simamisheni picha, mwombeni mmoja wenu aongoze, na wengine muitikie. Nimeona watu waliokuja wakiwa na aibu ya kumlilia mtu wasiyemjua wakiondokewa na aibu hiyo hapo hapo. Mishumaa, maua ya njano na masharubu ya bandia ni hiari. Masharubu yana wakati wake, hasa katika sherehe za siku ya kuzaliwa mwezi wa Septemba, kuliko siku ya kifo.

Mwisho pitisheni bakuli, kwani tangu mwanzo msiba huu ulikuwa na mchango wake. Desemba 1991 "Bohemian Rhapsody" ilitolewa upya, ikashika namba moja Uingereza wakati wa Krismasi, na mapato yake yakapewa shirika la Terrence Higgins Trust linalohudumia watu wanaoishi na VVU. Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake wakaandaa tamasha la kumuenzi Wembley, likahudhuriwa na watu wapatao 72,000, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao mpaka leo hugharimia miradi ya kupambana na Ukimwi katika nchi nyingi. Alifariki miaka michache tu kabla ya tiba ya mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi kuanza kuokoa maisha, mwaka 1996. Leo mwenye VVU anayetumia dawa ipasavyo anaweza kuishi hadi uzee, na kikwazo kikubwa kwa wengi ni unyanyapaa unaowazuia kupima.

Kalenda inawasaidia: Siku ya Ukimwi Duniani ni tarehe 1 Desemba, wiki moja kamili baada ya siku ya kumbukumbu. Tumieni wiki hiyo kukusanya fedha, kuchagua kituo cha ushauri nasaha na upimaji kilicho karibu nanyi, na kukiuliza kinahitaji nini, badala ya kukipelekea mnachodhani kinakihitaji. Huenda wakataka nauli za wagonjwa wanaotoka mbali kufuata dawa, wala si fulana zenye sura ya Freddie. Mweka hazina awe mtu asiyeandaa shughuli, kiasi kilichopatikana kitangazwe kabla watu hawajatawanyika, na stakabadhi ya kituo ipigwe picha na kutumwa kwa kila aliyechangia.