Kumzalisha kambare kwa sindano: fuata joto la maji

Kambare wa bwawani hujaza mayai tumboni na asitage, maana anangoja mafuriko. Wale wa Ziwa Victoria, mvua ikishika na mito ikifurika, hupanda usiku hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, wakatagia huko. Homoni ndiyo mafuriko yetu. Hapa Kisumu nafanya hivi.

Hatua ya 1. Chagua mama mwenye tumbo nene na laini, tundu la uzazi likiwa limevimba na kuwa jekundu. Mbonyeze kidogo, mayai machache yakitoka bila kulazimishwa, tena yamelingana ukubwa, yuko tayari. Asile siku nzima, na akae peke yake, kwani kambare huumana.

Hatua ya 2. Mpime. Ovaprim, ile dawa ya homoni, ni mililita 0.5 kwa kilo, kwa hivyo mama wa kilo 1.5 anapata 0.75. Mfunike kichwa kwa taulo mbichi, atatulia. Mchome kwenye mnofu wa mgongo, sindano ikilala kidogo, na ukiichomoa sugua pale kwa kidole ili dawa isirudi nje.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hupotezea mayai. Maji yakiwa nyuzi 25, ngoja masaa 11 hivi kabla ya kumkamua mayai. Nyuzi 28, masaa 8. Nyuzi 20, masaa 21. Niliwahi kwenda Njoro, kule Nakuru kwenye baridi, nikamkamua mama kwa hesabu ya Kisumu. Mayai yalitoka kwa shida, yamechanganyika na damu, na kesho yake yote yalikuwa meupe. Yule mama naye akafa. Tangu siku hiyo kipimajoto changu hakitoki majini. Kwa maji ya nyuzi 25 nachoma saa mbili usiku, nakamua saa moja asubuhi.

Hatua ya 4. Dume wa kambare hakamuliki, huchinjwa. Toa korodani, pangusa damu yote, zikate na uminye mbegu. Mpanguse mama pia, na beseni liwe kavu kabisa: mbegu zikiguswa na maji huamka, na baada ya dakika moja hivi zimechoka. Kamulia mayai humo, mwagia mbegu, changanya taratibu kwa unyoya wa kuku. Ndipo utie maji safi, ukoroge dakika moja. Unyoya ukianza kuwa mzito mkononi, mayai yameanza kunata, yamwage upesi juu ya wavu.

Hatua ya 5. Yatandaze safu moja juu ya wavu huo, maji yakipita polepole. Yakirundikana, ukungu huanzia kwa yaliyokufa ukala na mazima. Kwa nyuzi 25 huanguliwa baada ya siku moja na kitu. Vifaranga hutegemea kiini chao siku 3 hivi, kisha wape Artemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi.

Watenge kwa ukubwa mara kwa mara, maana mkubwa humeza mdogo wake mzimamzima. Wakifika urefu wa kidole, hata wavuvi wa mbuta (sangara) watakuja kuwanunua wawe chambo.