Jinsi ya Kutambua Nomino Zinazohesabika na Zisizohesabika katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza huelezwa kwanza kwamba nomino inayohesabika hutaja kitu kinachoweza kuhesabiwa, na isiyohesabika hutaja kitu kisichoweza kuhesabiwa. Maelezo hayo yanatosha kwa kalamu na maji, lakini hayafiki mbali mtu anapoletewa sahani ya githeri katika kibanda chochote cha chakula jijini Nairobi. Punje za mahindi na za maharagwe zimo katika sahani moja, na mwenye subira angeweza kuzihesabu zote. Hata hivyo, Kiingereza husema "the maize is cooked" lakini "the beans are cooked". Neno la mahindi halihesabiki, la maharagwe linahesabika. Sababu haimo katika chakula bali katika neno lenyewe, kwa hiyo swali la kuuliza si kama kitu kinahesabika, bali ni maneno gani ambayo nomino yake ya Kiingereza hukubali kuandamana nayo.

Swali hilo hujibiwa kwa majaribio matatu mafupi. Litangulizie neno unalolipima "a" au "an". Kisha liongezee alama ya wingi, ambayo mara nyingi ni "s". Kisha uone kama linakubali "many" au linataka "much". Chapati hufaulu yote: "a chapati", "two chapatis", "many chapatis". Ugali hushindwa yote, kwa maana hakuna asemaye "an ugali" wala "three ugalis". Husemwa "some ugali" na "too much ugali". Wakazi wengi wa Nairobi hutofautisha vyakula hivi viwili bila kufundishwa na yeyote, jambo linaloonyesha kwamba hisia ya kanuni hii wanayo tayari. Neno lililoshindwa majaribio yote hubaki katika umoja, na kitenzi chake pia huwa cha umoja.

Ugumu wa kweli kwa msemaji wa Kiswahili hutokana na ngeli. Sisi husema "habari hizi zimenifurahisha", "mizigo hii ni mizito" na "vifaa vimefika", na upatanisho huo wa wingi hutuvuta kuandika "these news are", "luggages" na "equipments". Kiingereza sanifu hutaka "this news is", "luggage" na "equipment", na neno "news" lisimdanganye mtu kwa "s" yake, kwani kitenzi chake ni cha umoja daima. Katika kundi hilo wamo pia "information", "advice", "furniture", "evidence", "homework" na "research". Orodha hii fupi inastahili kukaririwa, kwa sababu ndiyo inayowapotezea watahiniwa alama katika insha na waombaji kazi heshima katika barua zao.

Ukiyatazama maneno hayo kwa makini utaona mpango. Mara nyingi Kiingereza hulifanya jina la jumla lisihesabike, kisha huyaacha majina ya vitu mahususi yahesabike. Mtu anayepita Ngong Road, mahali ambapo samani huuzwa kando ya barabara, anaweza kuhesabu "six chairs" na "two beds", lakini vyote kwa pamoja ni "furniture" tu, hata vikijaza lori. Vivyo hivyo, kwenye Thika Road asubuhi huwapo "a lot of traffic", ilhali magari yenyewe ni "many vehicles" na msongamano ni "a jam". Hata pesa hufuata mpango huu: "money" haihesabiki, shilingi zinahesabika.

Unapolazimika kuhesabu kisichohesabika, tumia jina mahususi, au tanguliza neno la kipimo: "a loaf of bread", "a bar of soap", "two pieces of luggage". Wingi huwekwa kwenye kipimo, si kwenye kitu, kwa hiyo mikate mitatu ni "three loaves of bread". Muuza duka mtaani atamwelewa anayeomba "a bread", lakini msahihishaji wa mtihani hatamsamehe. Hata hivyo, "a piece of" isitumiwe kila mahali. "Some advice" ni fupi na hupendeza zaidi, isipokuwa pale idadi yenyewe ina maana. Maneno "some", "enough" na "a lot of" yanakubalika pande zote mbili, na ndiyo kimbilio la mwenye shaka.

Yako pia maneno yanayoishi pande zote mbili kwa maana tofauti. "I ate chicken" ni nyama ya kuku, ilhali "I ate a chicken" ni kuku mzima. Kiingereza katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, kina "three papers", lakini mtahiniwa huandika juu ya "paper". Nywele zote za kichwani ni "hair", na "a hair" ni unywele mmoja, labda ule uliopatikana kwenye mchuzi. Linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni "experience": ujuzi wa kazi hauhesabiki, bali "experiences" ni mambo yaliyompata mtu. Anayemwandikia mwajiri kwamba ana "many experiences in accounting" anamwahidi visa, si ujuzi. "Knowledge" nalo hukubali "a" linapopewa sifa, kama katika "a good knowledge of Swahili", ingawa "knowledges" haliandikwi.

Kwa kujifunza, tafuta kamusi ya Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi, kwa kuwa nyingi huweka herufi C kando ya maana inayohesabika na U kando ya isiyohesabika. Katika daftari usiandike neno peke yake; andika pamoja na mwenzake, kwa mfano "much information" au "some equipment", ili ulimi uzoee kuyatamka pamoja. Ukimaliza kuandika barua au insha, ipitie mara moja ukitafuta "s" zisizostahili tu, na ukiondoa moja usiishie hapo. Aliyeandika "I received the informations and they were useful" akafuta "s" pekee bado ameacha kosa, kwani "they were" nayo sharti iwe "it was".