Somo: Ratiba na watu wa kupitia upya mpango kabambe wa mji

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, mara nyingine kwa simu nikiwa mezani kwa chakula cha usiku, na sasa naliandika jibu lake mara moja ili anayefuata nimwelekeze hapa. Swali huja hivi: "Mpango kabambe wetu umekwisha muda, Mkurugenzi anataka tuupitie upya, tuanzie wapi?" Wengi hutegemea niwaambie waanze na picha za setilaiti. Mimi huwaambia waanze na kalenda ya vikao, kisha waandike orodha ya watumishi walionao kwa majina, kwa sababu sijawahi kuona mpango uliokwama kwa kukosa picha, lakini iliyokwama kwa kukosa kikao au kwa kuhamishwa mtu mmoja nimeiona mingi.

Somo hili ni la halmashauri za miji, manispaa na majiji ya Tanzania Bara zinazofanya kazi chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Naongelea mpango kabambe, yaani mpango wa jumla wa matumizi ya ardhi ya mji mzima, unaotazama miaka 20 mbele. Michoro ya mitaa na urasimishaji wa makazi vina mambo yake, tusivichanganye hapa.

Hatua ya 1. Pata azimio la Baraza la Madiwani la kuupitia upya mpango, na uchukue nakala ya muhtasari iliyosainiwa.

Hatua ya 2. Fungua jalada masijala kwa kazi hii peke yake.

Hatua ya 3. Hakikisha kifungu cha fedha kimo katika bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1. Mapato ya ndani huja kwa matone, kwa hiyo gawa kazi kwa robo za mwaka na uweke kazi ya uwandani katika robo ambayo fedha huwa zimekwisha kuingia kweli.

Hatua ya 4. Panga ratiba kwa kurudi nyuma kutoka kwenye kikao cha mwisho.

Hapa ndipo nilipoharibu, na nitaeleza bila kuficha. Katika halmashauri niliyokuwa nikiitumikia tulianza Julai 2019. Nilichora ratiba nzuri kwenye karatasi kubwa, miezi kumi na miwili, kila kazi na rangi yake: ukusanyaji wa takwimu, uchambuzi, rasimu, mkutano wa wadau, na mwishoni kabisa, Julai 2020, Baraza kuipitisha rasimu. Niliibandika ukutani nyuma ya meza yangu na kila mgeni aliisifu. Hakuna aliyegundua, nami nikiwa wa kwanza kutogundua, kwamba 2020 ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu na kwamba mabaraza ya madiwani yangevunjwa mwezi Juni. Rasimu yetu ilikamilika ikakosa wa kuipitisha. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 28, madiwani wapya wakaapishwa, na walipoketi walidai, tena kwa haki kabisa, waelezwe upya kila kitu, maana wengi wao hawakuwamo wakati wananchi wa kata zao wakihojiwa. Kabla ya hapo tulikuwa tumejikwaa mahali pengine: uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019 ulitukuta katikati ya mikutano ya mitaa, na kila tulipobandika ramani watu walitaka kujua ni ya mgombea gani. Mwenyekiti aliyetufungulia mkutano mwezi Oktoba, Desemba hakuwa mwenyekiti tena. Ratiba ya miezi kumi na miwili ilichukua karibu miaka mitatu.

Kwa hiyo, kabla hujaandika kazi yoyote ya kitaalamu kwenye ratiba, andika kwanza mambo ambayo huwezi kuyasogeza. Baraza huketi kila robo mwaka, na jambo lako lazima lipitie kwanza menejimenti na kamati ya kudumu inayoshughulikia mipango miji, kwa hiyo ukikosa kamati kwa wiki moja umepoteza miezi mitatu. Masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba katika maeneo yenye misimu miwili, na gari la halmashauri halipandi kila mlima wakati wa mvua. Kuanzia Aprili hadi Juni kila mtu yuko kwenye kufunga mwaka wa fedha. Uchaguzi wa mitaa hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja: tulikuwa nao 2024 na 2025, utarudi 2029 na 2030. Dirisha salama ni miaka mitatu hivi ya katikati, na mimi ningetaka Baraza lipitishe rasimu si baadaye ya mwisho wa 2028, ili ibaki nafasi ya kujibu hoja za wizara ya ardhi kabla joto la uchaguzi halijapanda. Kwa uzoefu wangu mji wa wastani unahitaji miezi 18 hadi 24. Anayekuahidi miezi tisa mwombe akuonyeshe tarehe za vikao vyake.

Hatua ya 5. Teua watu kwa majina, kwa siku, na kwa barua.

Utahitaji wapangamiji, mpima, afisa ardhi, mthamini, mtu wa mifumo ya taarifa za kijiografia, mchumi, mhandisi, afisa mazingira, afisa maendeleo ya jamii na mwanasheria. Orodha hiyo kila mtu anaijua. Jambo ambalo halifanyiki ni kuandika kila mmoja atatoa siku ngapi kwa mwezi na nani atashika nafasi yake akiondoka. Mpima wetu alikuwa kwenye timu kwa maneno tu. Kila Jumatatu alichukuliwa kupima viwanja vya kuuza, kwa sababu viwanja huleta fedha mwezi huohuo na mpango kabambe hauleti. Siwalaumu waliomchukua. Ningekuwa na barua ya Mkurugenzi inayosema siku kumi kila mwezi ni za mpango, ningekuwa na mahali pa kusimama.

Mratibu asiwe mkuu wa idara. Mkuu wa idara huitwa kwenye vikao asubuhi, mchana huwapokea wenye migogoro ya viwanja, na jioni huandika taarifa ya dharura. Mpe kazi hii mpangamiji wa kati mwenye usajili wa bodi ya wapangamiji, anayependa kuandika, na mpe msaidizi anayepata nakala ya kila faili tangu siku ya kwanza. Uhamisho katika utumishi wetu hauombi ruhusa ya mpango kabambe.

Hatua ya 6. Uwandani nenda Julai hadi Septemba. Barabara zimekauka, na wanafunzi wa vyuo wanaotafuta mafunzo kwa vitendo, kama wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo cha Ardhi Morogoro, huwa likizo. Wapange wawili wawili, mmoja ashike kishikwambi na mwingine azungumze. Mtu anayehojiwa na kijana anayetazama kioo bila kuinua macho hujibu kwa kifupi, halafu hufunga mlango.

Hatua ya 7. Waandikie TANESCO wa umeme, TARURA wa barabara za mijini na vijijini, TANROADS wa barabara kuu na za mikoa, mamlaka ya maji na NEMC wa mazingira mwezi wa kwanza, wala usingoje mkutano wa wadau. Kila mmoja ana eneo lake ambalo litaubadilisha mchoro wako, kuanzia hifadhi ya barabara kuu ya mita 30 kila upande hadi mita 60 za kingo za mto.

Hatua ya 8. Rasimu, mkutano wa wadau, kamati, Baraza, kisha wizara. Tayarisha bangokitita, yaani jedwali, la hoja na majibu tangu mkutano wa kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, naomba ratiba iliyojazwa tayari, nibadilishe jina la halmashauri tu.

Jibu: Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Tarehe za vikao vya Baraza lako anazo katibu wa vikao wa halmashauri yako. Soma Hatua ya 4.

Swali: Kwa nini mjisumbue hivi? Mpeni mshauri mwelekezi kazi yote. Arusha na Mwanza si walifanyiwa na Wasingapore?

Jibu: Ni kweli, mipango ya miji hiyo miwili ya kufikia 2035 iliandaliwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, na hata ile ya Dar es Salaam ya 1968 na 1979 iliandaliwa na kampuni za Kanada. Sijasema popote kwamba mshauri haruhusiwi. Ninachosema ni kwamba mshauri hana mamlaka ya kuitisha mkutano wa mtaa, hana ufunguo wa chumba cha michoro, na rasimu yake inahitaji mtu wa kuisoma ukurasa kwa ukurasa kabla haijalipiwa. Ukimwajiri bila timu ya wenyeji utalipa mara mbili: kwanza kwa rasimu, kisha kwa kuirekebisha. Hatua ya 5 inabaki vilevile, kinachobadilika ni idadi ya siku tu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nimeajiriwa mwaka huu, nimepewa jukumu la kukadiria watu wa uwandani na sina pa kuanzia. Unahesabuje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali zuri, na wengi huliruka. Chukua mfano wa mji wenye mitaa 48. Fanya majaribio katika mtaa mmoja kwanza, uone jozi moja ya wahoji inaumaliza kwa siku ngapi. Tuseme siku tatu. Mitaa 48 mara siku tatu ni siku 144 za jozi. Ukiwa na jozi sita, ni siku 24 za kazi. Ongeza robo nzima kwa ajili ya kurudia, maana lazima utarudia: ni siku 30, yaani wiki sita. Ukianza katikati ya Julai utamaliza mwishoni mwa Agosti.

Kwa watumishi wa ofisini usihesabu siku 22 za mwezi. Mimi nilifungua shajara yangu ya mwaka mzima nikahesabu siku nilizokaa mezani bila kuitwa mahali. Zilikuwa 12 kwa mwezi, na hapo siku 28 za likizo sikuwa nimeziondoa. Tumia 10 na hutajuta. Tena fanyeni majaribio katika mtaa mgumu, wenye nyumba zilizobanana. Mtaa wa viwanja vilivyopimwa utakudanganya.

Swali: Tumeskani mchoro wa mpango wa zamani lakini haukai juu ya picha ya setilaiti. Barabara zote zimesogea. Ni kosa la mchoraji?

Jibu: Pima zimesogea kiasi gani. Zikiwa zimesogea zote upande mmoja kwa takriban mita 300, mchoraji hana kosa. Mchoro wa zamani uko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa majira ya ramani, na picha yako iko kwenye WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS. Mwambie mtu wa ramani autambulishe mchoro kwa mfumo wake wa asili kisha aubadilishe, asiuburute kwa mkono mpaka ulingane na barabara moja. Hakiki kwa alama tatu ambazo hazijahama, kama kona ya kanisa la zamani, daraja la reli au jiwe la mpaka. Kazi hii ipangie wiki mbili kwenye ratiba. Mimi sikuipangia hata siku moja.

Swali: Tulipanga kurusha droni mwezi ujao. Tuanze?

Jibu: Mna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha wizara ya ulinzi? Kama hamna, huo mwezi ujao haupo.

Swali: Niko upande wa Kenya, katika idara ya mipango ya kaunti. Je, mbinu hii ya kurudi nyuma inatufaa, ikiwa mpango wetu ni wa miaka kumi?

Jibu: Inakufaa, bali tarehe ni zako. Mwaka wenu wa fedha pia huanza Julai, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka mpango wa anga wa kaunti (yaani wa matumizi ya ardhi) wa miaka kumi upitiwe kila miaka mitano. Uchaguzi wenu ni Agosti 2027. Kama wawakilishi wadi hawataupitisha mapema kabla ya kampeni, panga kuwapa semina wale wapya katika miezi yao ya kwanza, na uiwekee fedha sasa.

Mchango wa mwanachama: Sina swali, nina nyongeza. Kwenye mikutano ya mitaa tuliacha kubandika ramani ukutani. Tunaitandika chini kwenye jamvi, wazee wanaizunguka. Bibi mmoja alikuwa haioni nyumba yake mpaka tulipomwonyesha mwembe wa shule. Kuanzia hapo alitusahihisha vichochoro vinne.

Jibu: Asante sana, dada, hii naichukua. Mlitumia kalamu gani? Sisi tulitumia za wino, na ramani mbili ziliharibiwa na manyunyu.

Mwanachama: Penseli ya rangi, na karatasi ya nailoni angavu juu yake. Kila mtaa una nailoni yake yenye jina na tarehe, tunaikunja na kuiweka kwenye jalada.

Jibu: Basi andika na namba ya jalada pembeni. Zetu zilikaa mwaka mzima chini ya meza ya mhudumu, tukidhani zimepotea.