Kompyuta ya nyumbani inazima ovyo: tafuta chanzo kabla ya kupiga Windows

Kompyuta ikianza kuzima ovyo, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani ni "piga Windows," yaani ifutwe na kuwekwa upya. Unalipa, unarudishiwa mashine nyepesi kama mpya, na baada ya siku mbili inazima tena, safari hii mafaili yako hayapo. Nimeshika bisibisi miaka mingi na jambo hili linaniuma. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu kwa tatizo hili Windows yake ni nzima. Ni joto, au umeme, au RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) imekaa vibaya. Kupiga Windows hapo ni kubadilisha shuka wakati kunguni wamo kwenye kitanda.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Nimeziandika kwa kompyuta ya mezani, maana ndiyo unayoweza kuifungua mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 1: Okoa mafaili, kisha shika daftari

Chomeka flashi au diski ya nje unakili picha, vyeti na kazi zako kabla hujagusa kitu kingine. Kama mashine haikai hata dakika tano usiilazimishe. Toa diski yake, iunganishe na kompyuta nyingine kwa kebo ya kugeuza diski kuwa ya USB, unakili kutoka huko.

Halafu kila inapozima andika saa, ulichokuwa ukifanya, na namna ilivyozima. Hiyo namna ndiyo inayosema zaidi. Ikikatika ghafla kama mtu amechomoa waya, shuku joto au umeme. Ikileta skrini ya bluu, shuku RAM, draiva (programu inayoendesha kifaa) au diski. Ikiganda, maus haisogei na taa ya diski imewaka bila kupepesa, mara nyingi ni diski. Ikiwa inazima dakika zilezile kumi baada ya kuwashwa, anzia kwenye joto. Ikiwa inazima friji inapoanza kunguruma au mtu anapochomeka pasi, tazama umeme wa nyumba.

Hatua ya 2: Soma kilichoandikwa na Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, fungua Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, kisha ondoa tiki kwenye Automatically restart. Sasa skrini ya bluu ikija itatulia, utaweza kuipiga picha kwa simu.

Rudia Windows na R, andika perfmon /rel. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu siku zilizokuwa na matatizo. Angalia zilianza lini. Zikianzia siku uliyoweka programu au draiva mpya, umeshapata pa kuanzia.

Mwisho andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs, kisha System, utafute Kernel-Power namba 41. Wengi wakiiona hudhani wamepata jibu. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Bofya Details utazame BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye joto na umeme. Ikiwa 26, hiyo ni MEMORY_MANAGEMENT, anza na RAM. Ikiwa 292, ni WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, yaani kifaa chenyewe ndicho kinacholalamika.

Hatua ya 3: Joto

Hapa usiharakishe. Weka programu ya kupima joto kama HWiNFO au Core Temp, ambazo ni za bure. Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 35 hadi 55 za Selsiasi si tatizo kwa hali ya hewa yetu. Ikifanya kazi nzito ibaki chini ya 85. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta; nyingi za Intel huanza kujipunguza kasi zikikaribia 100, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue.

Mama mmoja mwalimu aliniletea mashine iliyokuwa imepigwa Windows mara tatu. Mara ya tatu zilipotea picha za marehemu baba yake. Aliniambia, "Mwanangu, ukiiangalia tu ni sawa, ikikaa kimya haizimi. Nikianza kutunga mtihani inakatika." Niliifungua. Feni ilikuwa inazunguka vizuri na vumbi halikuwa la kutisha, ila prosesa ilifika nyuzi 98 ndani ya dakika nne. Nikamulika tochi pembeni. Hitisinki (chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa) za aina ile hushikwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) na miguu minne ya plastiki, na mguu mmoja ulikuwa umechomoka, kwa hiyo hitisinki imeinuka upande mmoja kama sufuria iliyokaa vibaya jikoni. Nilifuta pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, nikapaka mpya, nikaubonyeza ule mguu mpaka ukalia "ta!" Joto halikupanda tena zaidi ya 68.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 ili umeme uliobaki utoke. Fungua ubavu, itoe mashine nje, usafishe kwa brashi kavu ya rangi na blowa. Shika feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke kwa kasi ikaharibika. Angalia katikati ya mapezi ya hitisinki, chini ya feni. Vumbi hujishindilia pale likawa kama sufi ya mto, na kwa juu hulioni. Tikisa hitisinki kidogo. Ikicheza, miguu yake haijashika.

Pesti ikiwa imekauka na inamomonyoka, ifute kwa kitambaa chenye spiriti, uweke mpya kiasi cha punje moja ya choroko katikati ya prosesa. Usijaze.

Hatua ya 4: Umeme

Anza na kilicho rahisi. Chomeka mashine kwenye soketi ya ukutani badala ya ekstensheni inayogawana na friji na televisheni. Nimeona ekstensheni iliyolegea ikimsumbua mtu miezi.

Pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) ipime kwa mita ya volti huku mashine ikifanya kazi: waya wa njano dhidi ya mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu dhidi ya mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo ibadilishe. Usiifungue kamwe, ndani yake chaji hubaki hata ikiwa imechomolewa. Na kama mashine ni ya mtumba kutoka nje, angalia nyuma kama ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Kwetu ni 230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka, utasikia mlipuko.

Kagua pia kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa. Kilichovimba au chenye majimaji ya kahawia kimekufa.

Hatua ya 5: RAM

Zima na uchomoe waya kama kwenye Hatua ya 3. Toa RAM zote, sugua sehemu ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka vibanio vijifunge vyenyewe. Kwa wanaokaa karibu na bahari hii peke yake huponya mashine nyingi, kwa sababu hewa ya chumvi hula vile viunganishi. Kisha pima kwa MemTest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM. Kama ziko mbili, pima moja moja kwenye nafasi ileile ujue mbovu ni ipi.

Hatua ya 6: Diski

Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Kwenye hadi diski (hard disk) ya kawaida tazama mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Namba zake kwenye safu ya Raw Values zikiwa si sifuri, diski inaanza kufa. C7, inayohesabu makosa ya mawasiliano, ikipanda, badilisha kebo kwanza. Kama bado hujanakili mafaili yako, usikimbilie chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kukarabati diski. Inaisumbua diski iliyochoka na inaweza kuimaliza.

Hatua ya 7: Sasa Windows

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Amri hizi hukarabati mafaili ya Windows yenyewe. Ondoa draiva au programu iliyoingia siku matatizo yalipoanza. Washa kwa Safe Mode, yaani Windows yenye vitu vya msingi tu, ukae humo saa moja. Ikitulia humo na kuzima nje, basi mara nyingi kosa liko kwenye programu au draiva, na hapo kupiga Windows kuna maana.

Kama yote yamepita na bado inazima, kilichobaki mara nyingi ni mazabodi au prosesa, na hapo unahitaji fundi mwenye vifaa vya kubadilishia. Mpelekee mashine pamoja na daftari: joto ulilopima, volti ulizosoma, RAM uliyojaribu na usiku uliyoijaribu.